Kisima cha Katikati ya Ramani

Kuku alikula kitongoji kizima kabla hatujamaliza kuchora.

Tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, na ramani ya kijiji chetu ilikuwa chini, kwenye vumbi. Majivu yalikuwa barabara. Mawe yalikuwa vilima. Punje za mahindi zilikuwa kaya, punje moja kaya moja, na vizibo vya soda vya rangi ya bluu vilikuwa maji. Vizibo vyenyewe vilikuwa viwili tu: lambo la ng'ombe, ambalo hukauka mwezi wa nane, na mto wa mchanga ulio mbali, ambako wanawake wetu hufukua kwa bakuli na kusubiri maji yajikusanye. Mwezeshaji, dada mmoja kijana aliyetumwa kutoka mjini kutusaidia kupanga mradi, alikuwa ameinama ananyoosha barabara ya kwenda mnadani. Kuku akapita nyuma yake akadonoa.

"Mwenyekiti, watu wako wameliwa," mzee mmoja alisema.

"Hao ni wale wasiohudhuria mikutano," mwenyekiti wa kijiji akajibu.

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, kwenye msingi wa darasa, na sikucheka. Ilikuwa siku ya tisa tangu mke wangu azikwe. Sikuwa nimenyoa, na kwa wazee waliotulea upande wetu, mfiwa ambaye hajanyoa huja mkutanoni akasikiliza, lakini hasemi. Hakuna anayemkataza. Watu hawamwulizi tu, naye hajibu asichoulizwa.

Nalisema hili mapema kwa sababu nilijificha nyuma ya ndevu zile. Mila haikunifunga mdomo. Niliufunga mwenyewe.

Mwezeshaji alikuwa na utaratibu tusiouzoea. Watu wa maendeleo waliokuja kabla yake walikuwa wakiuliza tunakosa nini, na kwa swali hilo tulikuwa hodari. Tungeweza kukosa mpaka jua linazama. Yeye alikataa. Alisema mradi utaanza na kilichopo hapa hapa, mahali hapa, kwa hiyo tumwambie tuna nini.

"Tuna kiu," mwanamke mmoja alisema.

"Hiyo ni ya kukosa, mama."

"Hapana, mwanangu, tunayo. Njoo mwezi wa tisa tutakugawia."

Mwezeshaji mwenyewe alicheka, akafuta jasho, akasubiri. Taratibu watu wakaanza kutaja. Tuna mawe. Tuna mchanga. Tuna ngitili, yaani lile eneo lililofungwa tangu enzi za babu zetu, ambalo majani na miti yake haviguswi mpaka kiangazi kibane, ndipo ng'ombe huingizwa kwa zamu. Tuna wanaume waliochimba dhahabu Geita, wanaojua kushuka chini na kurudi. Hapo macho kadhaa yalinijia, yakaondoka haraka.

"Na maji?" mwezeshaji akauliza. "Kabla ya lambo, bibi zenu walichota wapi?"

Kijiji chetu si cha zamani. Wazazi wetu waliletwa pamoja wakati ule wa kuanzisha vijiji, wakapangwa kando ya barabara, na kule walikotoka kukabaki mahame: nyumba zikaanguka, zizi likaota miti, ua wa minyaa ukaendelea kumea peke yake bila mtu wa kuupunguza. Waliojua maji ya mahame walikwenda na maji yao.

Mwenyekiti alivua kofia.

"Aliyekuwa anasemasema habari hizo," alisema, "tumemzika juzijuzi."

Hakuna aliyenitazama. Mimi niliitazama ramani. Mahali penyewe palikuwa chini ya ndala ya kushoto ya mwezeshaji.

Nilipajua kwa sababu mke wangu alinipeleka, mwaka tulipooana. Tulipita ndani ya ngitili kwa ruhusa, tukienda kukata fito za kuezekea, akaniita nimfuate mpaka kwenye minyaa iliyosimama nusu duara. Yalikuwa mahame ya bibi yake. Akapiga ardhi kwa kisigino. "Hapa," alisema. Kulikuwa na kisima cha mawe, maji matamu, hakijawahi kukauka, mpaka ndama alipotumbukia mwaka mmoja wa mvua, na babu yake kwa hasira akakifukia pamoja na ndama. Alikuwa na nia ya kuchimba kingine jirani. Kabla hajachimba, watu wakahamishwa. Bibi yake alimleta hapo akiwa msichana mdogo na kumkanyagisha kisigino, ili asipasahau. Ndivyo na yeye alivyonifanyia. Nilikanyaga kwa kumfurahisha. Akili yangu wakati huo ilikuwa Geita.

Nilikaa machimbo ya upande wa Katoro miaka kumi na mmoja, nikirudi nyumbani kulima na kuvuna, miaka mingine nikirudi kuvuna tu. Miaka miwili kabla hajafa alinipigia simu jioni moja. Nilikuwa sokoni Katoro nanunua buti, bodaboda zinapiga honi kila upande, nimeziba sikio moja kwa kidole.

"Nimewaambia mkutanoni habari ya kisima cha bibi," alisema.

"Wakasemaje?"

"Mwenyekiti kasema kijiji hakichimbi ndoto za bibi za watu. Wamecheka."

"Wote?"

"Hata mimi nilicheka kidogo, ili iishe."

Nilimwambia nikirudi nitalishughulikia. Nilirudi, nikavuna, nikaondoka. Sikulishughulikia, naye hakunikumbusha.

Aliugua siku nne. Simu ilipigwa nikiwa chini ya duara, yaani shimo la machimbo, na sisi simu tunaziacha juu. Mwenzangu wa kamba alishusha ndoo tupu, na kwa kawaida ndoo tupu ikishuka hufuatwa na utani. Safari hii alisema neno moja tu: "Panda." Nilipanda. Nikachukua pikipiki mpaka Katoro, gari mpaka Ushirombo, jingine mpaka Kahama. Tulipofika Isaka gari liliharibika. Tulikaa pale kati ya malori yanayosubiri mizigo ya kwenda nje, madereva wamelala chini ya matela yao, na mimi natembea kutoka lori la kwanza hadi la mwisho, narudi, naanza tena. Sikuweza kukaa. Tangu siku ile sijui kukaa.

Walinisubiri mpaka alasiri. Joto lilikuwa kali, wakaona haifai. Nilikuta kaburi, na wanawake wanaosha mabakuli. Mimi niliyekula miaka yote kwa sepetu, sikutia hata sepetu moja ya udongo kwenye kaburi la mke wangu.

Kwa hiyo, siku ile ya ramani, niliitazama ndala ya yule dada na nikanyamaza. Nilitaka wakosee. Nilitaka wachimbe wakose, kisha wakae na kiu yao wakumbuke kwamba mtu aliwaambia wakamcheka. Niliona kwamba wakiyapata maji siku ile, kwa wepesi, kwa kidole changu tu, watakunywa na kumsahau kabla vikombe havijakauka. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Nimejaribu kulitafutia sura nyingine, sijapata.

Basi wakachagua kwa akili yao, na akili yao ilikuwa nzuri. Kila kitongoji kilitaka kisima kiwe kwake. Watu wakaanza kupandisha sauti, mmoja akataja ugomvi wa malisho wa zamani. Mwenyekiti akaomba kamba ya katani. Akaishika kamba na mzee mwingine, wakapima juu ya ramani kutoka kitongoji hiki hadi kile, wakarudia, wakachomeka kijiti mahali ambapo hakuna anayezidiwa na mwenzake hata hatua moja. Ilikuwa kati ya shule na ghala la pamba.

"Hapo katikati pana dalili gani ya maji?" mwezeshaji aliuliza.

"Pana dalili ya amani," mwenyekiti alisema.

Watu wakapiga makofi. Yule dada alikitazama kijiti kwa muda. Alikuwa amekuja kutufundisha kwamba wenye mahali ndio wanaojua mahali, na sasa wenye mahali walikuwa wameamua. Aliandika. Mradi ungeleta pete za zege na pampu ya mkono. Sisi tungeleta mawe, mchanga na mikono.

Msiba ulipoondolewa nilinyolewa asubuhi. Mchana mwenyekiti alikuwa mlangoni.

"Ngosha," aliniita, kama tunavyoitana wanaume wa huku. "Sasa unasema?"

"Nasema."

"Basi sema utatuchimbia. Hatuna mwingine aliyewahi kushuka chini kama wewe."

"Nitawachimbia," nilisema.

Hapo sikuwa na ndevu tena.

Nilichimba na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Alilelewa kwa mjomba wake huko Kahama, mahame hayajui. Mimi nilikuwa chini, yeye juu kwenye kamba. Ni mtu wa maneno mengi, na kisima kina mwangwi, kwa hiyo maneno yake yalinifikia mara mbili.

"Shemeji, ukiona dhahabu usipige kelele. Panda taratibu, jifanye tumbo linauma."

"Hapa hakuna dhahabu."

"Ndivyo atakavyosema aliyeiona."

Futi kumi za kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye jembe. Chini yake ukaja wa kijivu, mgumu, na chini zaidi mawe madogo meupe kama chokaa. Kila nilipoyaona mawe yale nilijua yanasema nini: chini ni chumvi. Mwenyekiti alikuwa akileta uji kila saa nne, anaushusha mwenyewe kwa kamba kwenye kopo lenye kifuniko, anauliza, "Vipi huko?" Mimi najibu, "Bado."

Nilikuwa nachimba haraka kuliko inavyotakiwa. Shemeji alilalamika kwamba ndoo zinafuatana kama siafu. Nikipanda juu siwezi kukaa kivulini na wenzangu, natembea. Miguu ilikuwa inanipeleka mpaka mpakani mwa ngitili, naiona minyaa kwa mbali, nageuka. Siku nyingine nilifika na kugeuka mara tatu. Nyumbani begi langu la Katoro lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa. Mwenzangu wa kamba alinipigia akasema mwamba umeanza kukubali, nirudi haraka au nafasi yangu itachukuliwa. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa nimemwambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba alianza kuitikia kabla sijamaliza.

Wanawake walisomba mawe ya kujengea mdomo wa kisima. Kulikuwa na mama mmoja mzee, jirani yetu, ndiye aliyemwosha mke wangu na kumvisha. Kila asubuhi alikuja na jiwe moja kichwani, maana mawili hakuyaweza. Analiweka, anapumzika, anarudi.

"Shikamoo, mama," nilimwambia siku moja, nikiwa najifunga kamba nishuke.

"Marahaba, baba. Mmefika wapi?"

"Futi thelathini na tano."

"Chimba, baba. Mimi na wenzangu tumeshapatana. Maji ya kwanza hatunywi. Tutampelekea yeye, tummwagie pale alipolala. Alikufa anataka maji ya kijiji hiki."

Nikauliza kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Mmepatana lini?"

"Siku ile tunamwosha," alisema. "Maji ya kumwoshea tuliazima nyumba nne."

Nilishuka. Nakumbuka niligusa chini, nikasimama, sikushika sururu. Shemeji aliita mara mbili kuuliza kama nimelala. Ningeweza kuvuta kamba, nikapanda, nikamwambia yule mama aache jiwe lake. Badala yake nilichimba futi nyingine saba. Sijui kueleza. Mtu akishashuka na uongo futi thelathini na tano, anaogopa kupanda nao.

Maji yalitoka kwenye futi ya arobaini na mbili. Machache, ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Niliyaonja peke yangu huko chini, kisha nikajaza ndoo. Juu, watu walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti alionja kwanza. Alimeza, maana mbele za watu hakutaka kutema. Yule mama mzee alichovya kidole, akakilamba, akakifuta kwenye kanga.

"Haya hatumpelekei," alisema.

Hakuna aliyegombana. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimesubiri waambiane, "Tungemsikiliza marehemu." Sikusikia mtu. Walinipa pole. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Umejitahidi, fundi. Mungu hakupenda." Na mimi nikaitikia.

Kesho yake nilibeba begi. Nilipitia Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kumuaga binti yangu. Ni fundi cherehani, anashonea barazani kwa nyumba aliyopanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Begi la nini?"

"Napita tu. Naenda Katoro."

Alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Ya bomba, baridi. Nilikunywa yote, akanijazia tena. Alikuwa anashona sare za shule na hakuinua macho.

"Nimesikia ya chumvi," alisema.

"Ndiyo."

"Mama aliniambia siku moja kwamba yeye akifa, kisima cha bibi unakijua wewe. Alisema, baba yako amekanyaga pale."

Nikaweka kikombe chini.

"Hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza."

"Na wewe?"

"Walimcheka," nilisema.

Alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Hata mimi nilimcheka, baba. Alinipigia jioni ile ile. Nikamwambia aache kujiaibisha kwa wanaume mikutanoni, mambo ya mahame yamepitwa na wakati. Kwa hiyo na mimi nikija kumsalimia kaburini nisinywe maji?"

Hakungoja jibu. Aliendelea na sare zake. Nilikaa kwenye benchi lake, nikainuka, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa. Wateja walikuja wakanikuta nimekaa, wengine wakanikuta nimesimama. Mchana alinipa ugali na dagaa. Baadaye nikachukua begi.

"Stendi?" aliuliza.

"Stendi."

"Gari la upande gani?"

Nilimwambia abaki salama. Stendi nilisimama kati ya gari la Kahama na gari la kwetu. Mpiga debe wa Kahama alinishika mkono, wa kwetu hakunishika. Nikapanda la kwetu.

Mwenyekiti nilimkuta uani kwake anakula michembe, viazi vile vitamu vilivyokaushwa, mkewe amevichemsha na karanga.

"Mwadila," nilimsalimia, salamu ya jioni ya lugha yetu.

"Mwadila. Nilidhani uko Katoro. Kaa ule."

Sikukaa. "Maji yalipo ninapajua," nilisema.

"Maji gani?"

"Matamu. Kisima cha bibi yake. Kiko ndani ya ngitili, kwenye minyaa."

Alitafuna. "Umejua lini?"

"Tangu mwaka niliooa."

Alimeza, akafuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Futi arobaini na mbili," alisema. "Umechimba futi arobaini na mbili unajua."

"Ndiyo."

"Na mimi nakuletea uji."

"Ulikuwa unaniletea."

"Na sukari nilikuwa natia. Nyumbani kwangu hatutii sukari." Akageuka nyuma. Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, alikuwa ameacha kuanua. "Ni lile neno langu la ndoto?"

"Ndiyo."

"Nililisema ili watu wacheke. Mkutano ulikuwa mrefu, watu wana njaa." Alitazama bakuli. "Mimi hata sikukumbuka. Nimekumbuka sasa hivi, umesimama hapo. Usinisimamie, kaa. Kesho kutwa nitaita mkutano. Hutaniambia mimi peke yangu jambo kama hili. Utawaambia wao, na mimi nitasema langu."

Nililisema mkutanoni. Sikulipamba. Niliwaambia nilijua siku ya ramani, nilijua siku niliponyolewa, nilijua kila ndoo iliyopanda, na sababu nikaitaja. Mwenyekiti akasimama baada yangu akasema alimcheka mtu aliyekuwa anatoa maji. Mwezeshaji alikuwepo na daftari lake, lakini hakuandika. Shemeji yangu alitazama viganja vyake, vilivyochubuka kwa kamba. Siku ile hakuwa na maneno, na mpaka leo, akinipa kamba, hunipa kama mtu anayempa mgeni.

Yule mama mzee ndiye aliyeuliza swali moja. "Nilikuwa naleta jiwe kila siku. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetaka tu kujua hesabu ya mambo.

Wazee walinitoza beberu, aliwe na wote waliosomba mawe, na nichimbe kisima cha pili bila kupumzishwa. Mwenyekiti naye wakamtoza jogoo kwa kucheka.

"Awe yule aliyekula kitongoji," mtu akasema nyuma, na hapo mkutano ukapumua.

Ramani ilichorwa upya palepale. Kizibo cha bluu kilikwenda kukaa pembeni kabisa, na watu wa vitongoji viwili vya mbali walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Kwao ni mwendo mrefu.

"Kwa hiyo ile haki tuliyoipima kwa kamba imekufa?" mwanamke wa huko aliuliza.

"Haki ilikuwa na chumvi, mama," mwenyekiti alijibu.

Hakuridhika. Waliokuwa na ngitili nao walibishana mpaka mchana juu ya njia: watu wakianza kupita kila siku, ng'ombe watafuata, na majani yaliyolindwa tangu enzi za babu yataisha kwa mwaka mmoja. Walikubaliana njia ya mtu mmoja mmoja, yenye miiba pande zote mbili, na mlango wa kuinama. Ng'ombe hainami.

Tulianza kuchimba wiki ile ile. Nilitafuta mahali pa kisigino kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, maana minyaa ilikuwa imesogea na kujifunga, na kwa saa nzima niliogopa kwamba sikumsikiliza hata siku ile aliponionyesha. Kisha sururu ikagonga mawe yaliyopangwa kwa mkono. Kwenye futi ya kumi na moja nilikuta mifupa, myembamba, na ukwato mmoja mdogo usioweza kujaza kiganja. Niliiweka kwenye ndoo, nikamwambia shemeji avute pole pole.

"Nini hicho?"

"Ndama."

Alivuta. Baada ya muda nikasikia watu wanaitana huko juu, wanakuja kuona ndama wa ndoto.

Kwenye futi ya ishirini udongo ulianza kulowa. Kesho yake, miguu yangu ikiwa ndani ya tope, maji yakaanza kuingia kutoka kona ya magharibi, bila kelele, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Yalikuwa na tope na majani ya zamani. Nilisubiri yatulie kidogo, nikaonja: matamu. Nikajaza ndoo, nikaigonga kwa kidole kuashiria ivutwe.

Sikusikia shangwe. Nilisikia sauti ya yule mama mzee, "Lete hapa. Asinywe mtu." Kisha nyayo nyingi juu ya kichwa changu, zinaanza kusogea kuelekea nyumbani kwangu, kaburini, na vumbi likanidondokea kidogo kidogo kutoka mdomoni mwa kisima.

Hata shemeji aliondoka. Aliifunga kamba kwenye mnyaa na kuniambia nisubiri, atarudi kunivuta. Lilikuwa jambo la dada yake, ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo mara hii pia sikuwepo. Nilikuwa chini, maji yakinifika kwenye vifundo, kisha juu ya vifundo, na hapakuwa na nafasi ya kutembea. Nikachukua sepetu nikaanza kutoa tope.